Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mitihani ya kujiunga na vyuo: swali lililokwisha kuulizwa lisirudi kwa siri

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi na Wakuu wa Utunzi wa Mitihani,
College Board na ACT.

YAH: KURUDIWA KWA MASWALI YA ZAMANI KATIKA MITIHANI YA UDAHILI WA VYUO

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu wa hisabati ambaye kwa miaka mingi amewaandaa vijana kwa mitihani ya kujiunga na vyuo vya Marekani, na ambaye ameifanya kazi hiyo akiamini kwamba mtihani uliotungwa vizuri ni rafiki wa mtoto asiye na jina kubwa wala mtu wa kumsemea. Sina nia ya kuupinga mtihani wa SAT wa College Board wala ule wa ACT, na wale wanaotaka mitihani hii ifutwe kabisa wana hoja zao ambazo leo sitazigusa. Ninaandika kuhusu desturi moja tu, ile ya kurudisha katika chumba cha mtihani maswali ambayo yamekwisha kuulizwa kwa watahiniwa wengine, katika tarehe nyingine au nchi nyingine, kwa kutegemea kwamba yangali siri.

Miaka michache iliyopita mzazi mmoja alinijia akiwa na bahasha nene. Baada ya kusalimiana aliomba mlango ufungwe, akatoa nakala za karatasi za mtihani zilizofifia kwa kunakiliwa mara nyingi, akaniambia, "Mwalimu, hizi si za mazoezi. Hizi zimewahi kutoka kweli. Nakuomba umpitishe mtoto humu zote, maana wanasema huwa zinarudi." Nilimuuliza ni akina nani wanaosema hivyo, naye akanieleza kwamba alizinunua kwenye kituo cha masomo ya ziada, kwa fedha ambazo nilijua wazi kuwa hazikuwa za ziada kwake. Nilimrudishia bahasha yake nikamwambia kwamba kufanya hivyo ni udanganyifu. Akaniuliza kwa upole, bila kunikejeli hata kidogo, "Udanganyifu uko wapi, Mwalimu, ikiwa mtihani wenyewe umekwisha kupita?" Sikuwa na jibu lililokamilika. Jibu lililokamilika mlikuwa nalo ninyi peke yenu, kwa sababu ni ninyi peke yenu mliojua kama karatasi zile zilikuwa zimestaafishwa au zilikuwa zikisubiri zamu yao ya kurudi.

Tangu siku hiyo nimelitafakari swali la mzazi yule, na kila ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba ndilo kiini cha jambo lote. Kupitia mitihani iliyopita ni njia ya zamani na ya halali kabisa ya kujiandaa. Hakuna mwalimu asiyeitumia, na ninyi wenyewe mnatoa mitihani ya mazoezi bure, jambo ambalo ninawashukuru kwalo, hasa tangu College Board ilipoanza mwaka 2015 kutoa mazoezi ya bure pamoja na Khan Academy, shirika la kufundisha bure katika intaneti, ili mtoto asiye na uwezo wa kulipa apate mazoezi yale yale anayoyapata mwenye uwezo. Sasa tuwachukue watoto wawili walioketi meza moja, kila mmoja na karatasi ya zamani aliyoikuta katika intaneti au aliyopewa na kaka yake. Wote wanafanya maswali, wanakosea, wanajisahihisha, wanarudia. Baada ya miezi kadhaa mmoja anaingia katika chumba cha mtihani na kukutana na maswali mapya, na mwingine anakutana na yale yale aliyokwisha kuyafanya. Wa kwanza tunamwita mwenye bidii. Wa pili anahesabiwa kuwa mdanganyifu, na alama zake zinaweza kufutwa. Walichokifanya pale mezani ni kitu kimoja, na kilichowatofautisha ni uamuzi uliofanywa ofisini kwenu. Mpaka kati ya kujifunza na kuiba mmeuchora mahali ambapo mtoto hawezi kuuona, wala mzazi wake, wala mimi.

Mnajua kwamba huu si mfano wa kubuni. Tarehe 25 Agosti 2018 watahiniwa wa SAT nchini Marekani walitoka vyumbani na kuanza kuelezana kwamba maswali waliyokutana nayo yalikuwa yale ya mtihani uliofanyika barani Asia mwezi Oktoba 2017. Mtihani huo wa Asia ulikuwa umekwisha kusambaa katika intaneti kabla ya siku hiyo. Baadhi ya vijana walikuwa wameufanyia mazoezi, wengine wakijua walichokuwa nacho mikononi na wengine, sina shaka, wakidhani ni karatasi ya mazoezi kama nyingine. College Board ilijibu kwa kusema kwamba huchambua matokeo ya kila mtihani na kwamba yeyote atakayebainika kupata faida isiyo ya haki atafutiwa alama. Niliposoma jibu hilo nilisikitika, kwa sababu lilizungumza juu ya makosa ya vijana peke yao. Aliyechukua karatasi ya Oktoba 2017 na kuipeleka tena chumbani mwezi Agosti uliofuata hakuwa kijana wa miaka kumi na saba.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 alama za watahiniwa takriban 900 waliofanya SAT nchini Korea Kusini mwezi Januari zilifutwa, baada ya kubainika kwamba baadhi yao walikuwa wameyaona mapema maswali yaliyotokana na mtihani wa Desemba 2005. Mwezi Mei 2013 mtihani wa SAT ulifutwa katika nchi hiyo nzima. Mwezi Juni 2016 ikawa zamu ya ACT, uliofutwa Korea Kusini na Hong Kong. Mwaka huo huo shirika la habari la Reuters lilichapisha mfululizo wa habari za uchunguzi ulioonyesha jinsi vituo vya masomo ya ziada barani Asia vilivyokuwa vikikusanya maswali ya SAT ili kuwauzia wateja wao, na jinsi mitihani ambayo College Board ilijua kuwa sehemu zake zimevuja ilivyoendelea kutumika. Karatasi zilizotumika Marekani bila maswali yake kutolewa hadharani zilikuwa zikirudishwa ng'ambo baada ya muda, na kituo chochote chenye subira na kabati la kuhifadhia nakala kiliweza kungoja.

Ninaomba tuitazame biashara hiyo kwa makini, kwa sababu ni rahisi kuilaani na kuiacha hapo. Wanaouza maswali wana hatia, nami siwatetei. Lakini swali lililokwisha kuulizwa lina thamani kwao kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba linaweza kurudi. Likiondolewa uwezekano huo, linabaki kuwa zoezi kama mazoezi mengine, na hakuna mzazi atakayekopa fedha ili kulinunua. Thamani ya bidhaa wanayoiuza haitokani na ujanja wao. Inatokana na utaratibu wenu. Na bidhaa hiyo haiwafikii wote. Humfikia mwenye fedha, anayeishi karibu na kituo kinachojulikana, ambaye mzazi wake ana marafiki wa kumnong'oneza mlango gani wa kubisha. Mtihani uliokusudiwa kumwinua yule asiye na njia za mkato unageuka kuwa njia ya mkato yenyewe, na anayeumia zaidi hata hajui kwamba ameumizwa, kwa kuwa anaona tu kwamba wenzake wamempita na anaamini kuwa walikuwa hodari kuliko yeye.

Najua utetezi wenu, na sitaki kuupuuza, kwa kuwa una ukweli ndani yake. Swali moja la mtihani sanifu haliandikwi asubuhi likatumika jioni. Hutungwa, hupitiwa na wakaguzi wa somo, hukaguliwa lisimwonee mtu kwa malezi au jinsia yake, hufanyiwa majaribio kwa watahiniwa halisi bila kuhesabiwa katika alama, kisha takwimu zake huchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuhesabiwa. Kazi hiyo huchukua muda mrefu na fedha nyingi, na baada ya yote hayo kulitupa swali baada ya asubuhi moja huonekana kuwa ubadhirifu. Isitoshe, alama za mwezi Machi lazima ziwe na uzito ule ule wa alama za mwezi Oktoba, na wataalamu wa vipimo hutumia maswali yanayojirudia, wanayoyaita maswali nanga, ili kufunga mtihani mmoja na mwingine. Bila nanga hizo hakuna anayeweza kusema kwamba alama 1200 ya leo ni sawa na 1200 ya mwaka jana.

Hoja ya nanga ina nguvu, lakini haifiki mbali kama inavyodaiwa. Katika SAT ya karatasi kulikuwa na sehemu isiyohesabiwa katika alama, ambayo kila mtahiniwa aliifanya bila kujua ni ipi, na humo ndimo mlimoweka maswali ya majaribio na maswali ya kulinganishia mitihani. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa mliweza kuchapisha maswali yote yaliyohesabiwa ya baadhi ya tarehe, mkampa mtahiniwa maswali, majibu yake na majibu sahihi, na bado ulinganishaji ukaendelea bila kuharibika. Hata SAT ya kompyuta mliyoianzisha ng'ambo mwezi Machi 2023 na Marekani mwezi Machi 2024 ina maswali 98, na kati yake 8 hayahesabiwi. Nafasi ya kuweka nanga na majaribio ipo. Swali nanga ambalo halimpi mtu alama likivuja linaharibu hesabu za wataalamu, nalo ni jambo baya, lakini halimpi mtoto mmoja nafasi ya chuo iliyokuwa ya mwingine. Ninachokipinga ni swali linalohesabiwa leo ambalo lilihesabiwa jana mahali pengine.

Kuhusu gharama nitasema kwa kifupi: ada hulipwa na watahiniwa, na kati ya yote yanayoweza kununuliwa kwa ada hiyo sioni lenye haki ya kutangulia mbele ya maswali mapya.

Kuna jambo lingine ambalo sikulifikiria hapo mwanzo, na ambalo sasa naliona kuwa zito kuliko hata kuvuja kwa mitihani. Swali linalofichwa ili lirudiwe ni swali lisilokosolewa. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyowataka wenye mitihani ya udahili kuwafunulia watahiniwa maswali na majibu yaliyohesabiwa, na sheria hiyo ilianza kutumika mwezi Januari 1980. Wakati ule wenye mitihani waliipinga kwa nguvu, wakasema gharama zitapanda na tarehe za mitihani zitapungua; wenye mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari walikwenda hadi mahakamani wakidai hakimiliki. Lakini matunda yake hayakuchelewa. Katika mtihani wa PSAT, ule wa kujipima kabla ya SAT, wa Oktoba 1980 kulikuwa na swali la piramidi mbili, moja yenye kitako cha mraba na nyingine yenye nyuso nne za pembetatu, ambazo pembetatu zake zote zililingana. Mtahiniwa aliambiwa kwamba uso mmoja wa pembetatu wa piramidi ya kwanza umegandishwa kabisa juu ya uso mmoja wa ya pili, akaulizwa umbo linalopatikana lina nyuso ngapi. Jibu lililokubaliwa lilikuwa 7, kwa hesabu ya kawaida ya 5 na 4 ukitoa 2 zilizofichika. Kijana mmoja wa Florida alijibu 5. Baada ya kuletewa matokeo yake pamoja na majibu sahihi, aliona kwamba amekoseshwa, akalitengeneza umbo lile kwa mikono yake na kuthibitisha kwamba nyuso mbili za piramidi moja hulala katika bapa moja kabisa na nyuso mbili za nyingine, kila jozi ikawa uso mmoja. Alikuwa sahihi, na wataalamu wote waliolipitia swali hilo kabla yake walikuwa wamekosea. Mwaka 1981 kosa likakubaliwa hadharani na alama zikarekebishwa.

Huwa ninawafundisha wanafunzi wangu swali hilo kila mwaka, na huwa ninaona nyuso zao zinavyobadilika wanapotambua kwamba mtu wa umri wao aliwasahihisha wasahihishaji. Pamoja nalo huwafundisha lile la mwaka 1982 la SAT, la duara dogo linalobiringika kulizunguka duara lenye nusukipenyo mara tatu ya kwake, ambapo jibu lililokusudiwa lilikuwa mizunguko 3 ilhali jibu la kweli ni 4, na 4 haikuwamo hata katika majibu ya kuchagua. Watahiniwa takriban 300,000 walikutana na swali hilo. Watatu waliandika kueleza kosa, swali likaondolewa, na alama zikahesabiwa upya.

Tafadhali fikirini ingekuwaje kama swali la piramidi lingefungiwa kabatini na kurudishwa kila baada ya miaka miwili. Kila aliyelijibu kwa usahihi angenyang'anywa alama yake, mwaka baada ya mwaka, na asingekuwa na namna ya kujua, kwa sababu asingeonyeshwa kamwe alichokosea. Ni wangapi walio katika hali hiyo leo, hakuna anayeweza kusema, na hilo ndilo linalonisumbua. Ninyi mna wataalamu hodari, lakini walikuwepo hodari vilevile mwaka 1980. Jicho la watoto laki tatu huona ambayo jicho la wakaguzi kumi limeyapita, ila tu jicho hilo lipewe nafasi ya kutazama mara ya pili, kwa utulivu, nje ya saa ya mtihani.

Mtaniambia kwamba barua yangu imechelewa, kwa kuwa mtihani wa kompyuta umekwisha kulitatua tatizo. Karatasi za SAT hazisafirishwi tena, programu huchagua maswali kutoka benki kubwa, na kila mtahiniwa hupata mchanganyiko wake. Ni kweli kwamba wizi wa bahasha nzima umekuwa mgumu, nami ninaipongeza hatua hiyo. Lakini benki ya maswali ambayo watu huchota humo kila tarehe ya mtihani si kitu kingine ila ni kurudiwa kwa maswali kulikofanywa kuwa utaratibu wa kudumu. Zamani karatasi moja ilirudi mara moja au mbili. Sasa swali moja linaweza kuwatokea watoto wengi tofauti katika tarehe nyingi tofauti. Na huduma ya kumrudishia mtahiniwa maswali yake na majibu, iliyokuwapo katika tarehe kadhaa za mwaka za SAT ya karatasi, haikuvuka pamoja nasi kuingia katika kompyuta.

Historia ya mtihani wa GRE, ule wa kujiunga na masomo ya uzamili, ingetosha kutuonya. Ulipohamia kwenye kompyuta katika miaka ya 1990, maswali yake yalitolewa siku baada ya siku kutoka benki moja. Mwaka 1994 kampuni ya Kaplan, inayowaandaa watahiniwa, iliwatuma watumishi wake kuufanya mtihani huo na kukariri walichokiona, na ikadhihirika kwamba watu wachache tu waliweza kukusanya sehemu kubwa ya maswali. ETS, iliyokuwa na mtihani huo, ilipunguza siku za mtihani na kuishtaki kampuni hiyo. Mwaka 2002 ETS ilisimamisha GRE ya kompyuta nchini China, Taiwan na Korea na kurudi kwenye karatasi, baada ya kugundulika tovuti zilizokuwa zikikusanya maswali yaliyokumbukwa na watahiniwa. Mwaka 2008 wenye mtihani wa GMAT, wa kujiunga na vyuo vya biashara, walishinda mahakamani dhidi ya tovuti ya ScoreTop, ambako wanachama walipeana maswali yaliyokuwa bado yanatumika, na mahakama ikaamuru walipwe zaidi ya dola milioni 2. Katika visa vyote hivyo hakuna aliyevunja kufuli. Watu waliingia, wakaona, wakatoka, wakakumbuka.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila mtahiniwa anakumbuka vizuri maswali 3 tu. Watahiniwa 500 wakiandika wanachokikumbuka mahali pamoja, yanapatikana maelezo 1,500, na hata mengi yakiwa yanafanana, kinachobaki kinatosha kumpa atakayeingia mwezi ujao faida ambayo mwenzake hana. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siri ya mtihani uliofanywa na maelfu ya vijana ina kata maelfu. Mnawataka waahidi kutozungumza, nao huahidi, lakini mtoto aliyetoka kuuhangaikia mtihani kwa saa mbili na dakika kumi na nne atamwuliza mwenzake alijibu nini katika lile swali la mwisho, na sitamlaumu kwa hilo. Kuzungumza juu ya swali gumu ndiko tunakokuita kujifunza.

Sasa niguse adhabu. Swali likirudi na alama zikapanda, chombo mlicho nacho ni takwimu: majibu ya huyu yanafanana na ya yule, au na majibu yaliyosambazwa, au alama za huyu zimepanda kupita kawaida. Takwimu zinaweza kuonyesha kwamba jambo lisilo la kawaida limetokea. Haziwezi kuonyesha kilichokuwa moyoni mwa mtoto alipokuwa akifanya mazoezi. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa ya New York, katika shauri la Dalton dhidi ya ETS, ambayo wakati huo iliuendesha mtihani wa SAT, lililohusu mtahiniwa wa SAT ambaye alama zake zilikuwa zimepanda kwa 410, iliamua kwamba wenye mtihani wana wajibu wa kuuzingatia kwa nia njema ushahidi ambao mtahiniwa ameuleta kujitetea, na kwamba ETS haikuutimiza wajibu huo. Miongoni mwa wale 900 wa mwaka 2007 walikuwamo ambao hawakuona chochote kabla ya siku ya mtihani, na walipoteza alama zao pamoja na walioona. Mtoto wa namna hiyo humwambia nani? Tarehe za maombi ya vyuo hazimsubiri, na neno lenyewe, udanganyifu, likishamgusa kijana halimtoki upesi.

Wala mitihani haikupoteza umuhimu, kama wengi walivyotabiri vyuo vilipoacha kuidai mwaka 2020. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard walitangaza kulirudisha mwaka 2024. Kwa hiyo uzito unarudi juu ya mabega ya vijana, na kila swali lina thamani kubwa kuliko lilivyokuwa nayo miaka michache iliyopita.

Ninachowaomba ni hiki. Swali likishahesabiwa katika alama za mtahiniwa yeyote, popote duniani, lihesabiwe kuwa limestaafu, na ndani ya muda uliotangazwa mapema lichapishwe pamoja na jibu lake, bure, kwa kila mtu. Ninafahamu kwamba katika mtihani wa kompyuta hili haliwezi kufanyika kwa siku moja, kwa sababu benki ni lazima ijazwe kwanza. Basi tangazeni kila swali litatumika kwa muda gani kabla ya kustaafu, muda huo uwe mfupi, na mtu wa nje asiye mwajiriwa wenu apewe ruhusa ya kuhakiki kwamba mnautimiza. Mrudishieni kila mtahiniwa haki ya kuona alichojibu na alichokosea, na haki hiyo iwe sawa kwa mtahiniwa wa Marekani na wa nchi nyingine yoyote, maana kwa miaka mingi wa ng'ambo walilipa ada wasione kitu. Na mpaka siku hiyo ifike, iwepo njia ya mtoto kusema bila hofu, pale pale chumbani, kwamba swali hili ameliona zamani, akapewa lingine badala yake. Leo hii mtoto mwaminifu anayetambua swali ana machaguo mawili tu, kunyamaza na kunufaika, au kusema na kujitia mashakani. Tunawezaje kumfundisha ukweli kisha tumweke mahali kama hapo?

Mzazi yule wa bahasha ana mtoto wa pili, ambaye sasa anakaribia umri wa mtihani, na ninajua atakuja, kwa sababu anampenda mtoto wake na kwa sababu bado wanasema huwa zinarudi. Ningependa safari hii nimpokee bahasha yake mbele ya darasa zima, mlango ukiwa wazi, nizitoe karatasi zote mezani na kumpa kila mwanafunzi nakala yake, nikiwa na hakika, kwa neno lenu lililoandikwa, kwamba hakuna hata swali moja humo litakalomngoja mtu yeyote chumbani. Ninasubiri neno hilo.

Wenu katika kazi ya kuwalea vijana,

Mwalimu wa hisabati